Namna ya kutega arifa za antibayotiki kwenye mfumo wa hospitali, na zikasomwa

Mimi ni mfamasia wa hospitali ya rufaa ya mkoa, na ni katibu wa kamati yetu ya kusimamia matumizi ya antibayotiki, cheo ambacho hakina posho wala mtu wa kukigombea. Tangu hospitali za umma zianze kuhama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, wenzangu wa mikoa mingine huniuliza jambo lilelile: mfumo umeshafungwa, maabara imeunganishwa, sasa tunataka kompyuta itusaidie kutibu maambukizi wodini, tuanzie wapi? Haya ndiyo ninayowajibu. Yanamfaa anayetumia GoT-HoMIS (mfumo wa serikali ya Tanzania), OpenMRS (mfumo huria, wa bure) au mfumo wa kununua. Kinachobadilika ni mtu wa IT utakayembembeleza.

Kabla hujaenda kwa huyo mtu wa IT, chukua karatasi. Kwa kila arifa unayoitamani, yaani ujumbe ambao kompyuta itautuma yenyewe, andika nani ataipokea, saa ngapi, na atafanya nini ndani ya dakika tano baada ya kuisoma. Ukishindwa kujaza hata sehemu moja, ifute. "Mgonjwa ana dalili za maambukizi" haipiti mtihani huo: inamwambia kila mtu na haimtumi yeyote. "Chupa ya damu imelia, mpigie daktari wa zamu wa wodi 6", yaani maabara imeona dalili za wadudu kwenye damu, inapita. Kamati yetu ilipokaa mara ya kwanza kila idara ilikuja na orodha yake, na daktari wa watoto peke yake alikuwa na ukurasa mzima. Tulitoka na arifa nne. Mpaka leo naona nne zinatosha.

Ukali huu una sababu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliona kwamba madaktari hupuuza kati ya 49% na 96% ya arifa za usalama wa dawa. Si uzembe. Daktari tarajali mwenye wodi nzima mabegani, na raundi ya bingwa inamsubiri saa mbili asubuhi, akirukiwa na madirisha kumi mfululizo, kidole chake kinajifunza kubonyeza "Sawa" kabla jicho halijasoma. Dirisha la kumi na moja ndilo lililokuwa na uzito, nalo linapita na mengine. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliupima mfumo wa kutabiri sepsisi (maambukizi yaliyofikia kuharibu viungo vya mwili) wa Epic, kampuni ya Marekani ya mifumo ya hospitali, wakakuta umelia kwa 18% ya wagonjwa wote waliolazwa na bado umewakosa 67% ya wenye sepsisi yenyewe. Kelele nyingi, samaki wachache.

Sasa linganisha na Saudi Arabia. Huko walijaribu arifa ya sepsisi kwenye wodi 45 za hospitali 5, wagonjwa zaidi ya 60,000, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2024: vifo vya hospitalini ndani ya siku 90 vilipungua. Kanuni yao muuguzi yeyote anaweza kukueleza akiwa amesimama: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha 100 au chini, fahamu zimebadilika, viwili kati ya vitatu, arifa inatoka. Na ilikuwa inakwenda kwa muuguzi, mtu aliye karibu na kitanda. Kama wodi zenu huandika vipimo vya mwili kwenye kompyuta kwa wakati, anzeni na hiyo hata kabla ya zangu. Kama vipimo vya saa kumi na mbili jioni vinaingizwa saa nne usiku, msijisumbue. Arifa itawasili mgonjwa akiwa ameshabadilika.

Safisha kwanza

Kompyuta husoma kilichoandikwa kwa namna inayoielewa. Majibu ya kuotesha (kukuza wadudu wa mgonjwa maabara ili watambulike) yaliyopigwa picha yakabandikwa kwenye faili la mgonjwa hayawezi kuamsha chochote. Nenda maabara, omba majibu ya miezi sita, yapange kwa herufi. Mdudu mmoja utamkuta na majina matano: "S. aureus", "staph aureus", "Staph areus", "staphylococcus", na mwingine kaandika tu "staph ++". Kwa kompyuta hao ni wadudu watano tofauti. Ondoeni nafasi ya kuandika kwa mkono, wekeni orodha ya kuchagua, iwe fupi, wale wadudu mnaowapata kweli wakiwa juu. Vivyo hivyo upande wa dawa: jina, dozi, njia ya kuipitisha, tarehe na saa ya kuanza, na sababu ya kuitoa. Ile sababu watu watailalamikia. Shikilieni. Bila kujua kama seftriaksoni imetolewa kwa nimonia au kwa kidonda cha mguu, hakuna arifa itakayosema la maana.

Shida inayofuata inakaa mapokezi, si maabara. Mama alilazwa Machi, damu yake ikaota bakteria aitwaye Klebsiella, anayekataa seftriaksoni. Mei anarudi, kadi kaisahau nyumbani, anafunguliwa namba mpya. Kwa mfumo, huyu ni mtu mwingine asiye na historia. Daktari anaanza seftriaksoni ileile iliyoshindwa Machi, na hakuna kitu kinachomshtua. Kaeni na vijana wa dirishani, muwaeleze kwa mfano kama huo, si kwa waraka. Watafute kwa jina, mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu kabla ya kufungua namba mpya. Wakielewa kwamba kubofya kwao kunaweza kumnyima mtu dawa sahihi, wanabadilika haraka kuliko madaktari.

Hakikisheni pia saa ya seva na saa ya mashine ya maabara zinakubaliana. Ni kazi ya nusu saa, na isipofanyika mahesabu yote ya muda huko mbele ni uongo.

Chupa ya damu inapolia

Hapa ndipo uweke nguvu zako nyingi. Mashine ya kuoteshea damu ikilia, kuna mtu kitandani ambaye huenda ana bakteria ndani ya damu. Maabara inaweza kutengeneza slaidi ya Gramu, yaani kumpaka mdudu rangi, ndani ya saa moja ikaona umbo lake. Jina lake kamili na dawa zinazomuua huja siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo arifa hii ina nusu mbili, na nusu ya kwanza ndiyo inayookoa muda.

Maneno yake yana kazi kuliko programu yenyewe. Fundi wa mfumo akiachwa peke yake ataandika hivi: "TAHADHARI! Mgonjwa ana matokeo mapya ya maabara. Bonyeza SAWA." Hiyo ni kelele. Tuliyoiandika sisi inasomeka hivi:

"Wodi 6, kitanda 14. Damu imeota: kokasi za Gramu chanya, vishada, chupa 2 kati ya 2. Sasa anatumia seftriaksoni pekee. Mwone sasa. Anza kloksasilini 2 g mshipani kila saa 6 kama hana mzio. Otesha damu tena kesho. Kagua kanula na vidonda. — AGIZA / SIAGIZI KWA SABABU…"

Angalia kilichomo. Kitanda kipo, kwa sababu usiku hakuna anayekumbuka majina. Idadi ya chupa ipo, kwa sababu kokasi (bakteria wa duara) wa vishada kwenye chupa moja tu, kwa mgonjwa anayekula na kucheka, mara nyingi ni mdudu wa ngozi aliyeingia wakati wa kutoa damu. Hapo maneno hubadilika na kusema "otesha tena kabla ya kutibu". Dawa anayotumia sasa ipo, ili daktari asilazimike kufungua ukurasa mwingine. Na kitufe cha AGIZA kinafungua agizo lililokwisha kujazwa dozi. Ukimwambia mtu afanye jambo halafu ukampeleka kutafuta dawa kwenye orodha ya mamia, umemwambia asifanye.

Kama hospitalini kwenu Staphylococcus sugu kwa kloksasilini ni wengi, au mgonjwa aliwahi kuota naye, mstari wa dawa uanze na vankomaisini. Uamuzi huo utoke kwenye majibu ya maabara yenu, msinakili wa kwangu.

Jina likishakuja, arifa ya pili inafuata njia ya mdudu. Akiwa Staphylococcus aureus, huyo hachukuliwi kuwa uchafu hata akiota kwenye chupa moja. Arifa yake ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo ninayoona imestahili urefu wake: rudia kuotesha mpaka damu iwe safi, hesabu siku za tiba kuanzia siku damu iliposafika na zisipungue 14, omba kipimo cha moyo cha ekokadiografia, tafuta chanzo. Akiwa anauawa na kloksasilini, rudi kwenye kloksasilini au sefazolini. Vankomaisini ni dhaifu kwake, watu wengi huiona ni "dawa kubwa" na kuing'ang'ania.

Akiwa Klebsiella au E. coli anayekataa seftriaksoni, arifa itaje meropenemu moja kwa moja. Jaribio la MERINO la mwaka 2018 lililinganisha meropenemu na piperasilini-tazobaktamu kwa wagonjwa wa namna hii: vifo ndani ya siku 30 vilikuwa 3.7% kwa waliopata meropenemu na 12.3% kwa wengine. Lakini arifa hiyohiyo iweke pia tarehe ya kukagua kumaliza. Jaribio la BALANCE, lililotoka Novemba 2024 likiwa na wagonjwa zaidi ya 3,600 katika nchi 7, lilionyesha kwamba siku 7 za tiba hazikuwa duni kuliko 14 kwa maambukizi mengi ya damu. Wagonjwa wa Staphylococcus aureus hawakuhusishwa. Hamira kwenye damu, yaani Candida, isipuuzwe kamwe: anza dawa ya fangasi, toa mrija wa mshipani ukiwezekana, mgonjwa akaangaliwe macho.

Sasa, saa nane usiku. Dirisha kwenye kompyuta iliyozimwa halimwamshi mtu. Arifa hii isitegemee skrini: mtaalamu wa maabara anapiga simu ya zamu ya wodi (ya wodi, si namba binafsi ya daktari ambaye huenda yuko likizo Lushoto), anasoma, na upande wa pili anarudia alichosikia. Aliyepokea anaandikwa kwenye mfumo kwa jina na saa. Nusu saa ikipita bila kupokelewa, inakwenda kwa daktari wa zamu wa idara. Na nawasihi, msitume jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Najua ni rahisi na kila mtu yumo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na humo kundini yumo pia aliyehamia hospitali nyingine zamani.

Saa 48 zimepita

Antibayotiki nyingi wodini huanza kwa kubahatisha, na hilo ni sawa. Mgonjwa hawezi kungoja. Kinachoharibu ni kwamba kilichoanza kwa kubahatisha kinaendelea kwa mazoea. Karatasi ya dawa ikishaandikwa "seftriaksoni 1 g x2", kila raundi inaongeza siku.

Tega arifa itoke asubuhi inayofuata baada ya saa 48 tangu dawa ianze, kabla ya raundi, kwa daktari wa wodi na kwa mfamasia pamoja. Ije na majibu yaliyopo: damu imeota au haijaota, joto la mwili la saa 24 zilizopita, anakula au hali. Iulize swali moja lenye majibu manne: acha, punguza iwe dawa nyembamba zaidi (inayolenga wadudu wachache), hamishia vidonge, au endelea hadi tarehe fulani. "Endelea" bila tarehe isikubalike. Tarehe hiyo ndogo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko arifa nyingine zote zikijumlishwa, kwa mtazamo wangu.

Kuhamishia vidonge ndiko kunakowafurahisha wauguzi, kwa hiyo wafanye wao kuwa wenzako. Kanula moja, ule mrija mdogo wa mshipani, ikitoka, mlango mmoja wa wadudu umefungwa, na sindano mbili za usiku zimepungua. Inchaji wetu wa wodi ya wanaume huanza kuulizia arifa ya vidonge kabla mimi sijafika.

Ila usifunge mlango. Kuna kishawishi cha kuufanya mfumo usitishe dawa wenyewe baada ya saa 72 kama daktari hajajibu. Usikubali. Marekani, jaribio lililochapishwa 2010 liliweka arifa isiyopitika kirahisi kwa madaktari walioandika warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) pamoja na antibayotiki ya ko-trimoksazoli, mchanganyiko unaoweza kumfanya mgonjwa avuje damu. Ilifanikiwa kuzuia, ikazuia mno: wagonjwa 4 walicheleweshewa tiba waliyoihitaji, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Dawa ikatishwe na mtu.

Wakati wa kuandika dawa

Arifa hii inaruka pale daktari anapochagua dawa nzito kwa mgonjwa asiyeihitaji. Ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika vizuri.

Jaribio la INSPIRE, lililotoka Aprili 2024, lilifanyika kwenye hospitali 59 za kundi la HCA huko Marekani. Daktari akiagiza antibayotiki pana (inayoua wadudu wa aina nyingi) kwa mgonjwa wa nimonia au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) aliye nje ya ICU, wodi ya mahututi, kompyuta ilikokotoa uwezekano wa mgonjwa huyo kuwa na mdudu sugu. Ukiwa chini ya 10%, ilimwonyesha namba hiyo na kumpendekezea dawa ya kawaida. Matumizi ya dawa pana katika siku 3 za kwanza yalishuka kwa 28% kwenye nimonia na 17% kwenye UTI, na wagonjwa waliohamishiwa ICU hawakuongezeka. Nilipoisoma, kilichonikaa ni kwamba daktari hakuambiwa "unakosea". Aliambiwa kuhusu mgonjwa huyu, kwa namba, akaachiwa uamuzi.

Sisi hatuna kikokotoo cha namna hiyo, na hospitali nyingi hapa hazina. Tumia maswali ambayo mfumo unaweza kuyajibu wenyewe: katika miezi 12 iliyopita aliota mdudu sugu? Katika siku 90 zilizopita alilazwa na kupewa antibayotiki ya mshipani? Amehamishwa kutoka hospitali nyingine? Yote yakiwa hapana, na daktari kachagua meropenemu au vankomaisini, arifa inatokea na dawa ya mwongozo wa taifa ikiwa tayari kubonyezwa. Likiwa ndiyo hata moja, arifa igeuke upande: ionyeshe mdudu wa zamani na dawa zilizomuua. Hapo ndipo yule mama wa Machi anapookolewa, mradi mapokezi hawakumfungulia namba mpya.

Mgonjwa aliye kwenye mshtuko wa sepsisi asiguswe na arifa hii. Yeye anahitaji antibayotiki ndani ya saa moja, na dirisha lolote linalomsimamisha daktari hapo ni hatari. Weka sharti: presha iko chini, arifa inakaa kimya, inatoka tu ile ya kukumbusha damu itolewe ya kuotesha kabla ya dozi kama haicheleweshi.

Na jambo ambalo wauzaji wa mifumo hawalijui kabisa: unganisheni arifa na stoo. Hakuna kinachoua imani haraka kama kompyuta kupendekeza kloksasilini ya sindano wakati sanduku la mwisho liliisha wiki iliyopita na Bohari ya Dawa haijaleta. Dawa ikiwa sifuri stoo, pendekezo liruke kwenye la pili.

Figo

Fupi. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda kwa mgonjwa anayetumia jentamaisini, amikasini au vankomaisini, mfamasia anaarifiwa. Mfamasia, si daktari. Yeye ndiye anayekokotoa dozi na kwenda wodini. Uzito uwe umeandikwa, la sivyo arifa iombe uzito kwanza.

Arifa bora nyingine ni kunyamaza

Wagonjwa wengi, hasa wazee na wenye mpira wa mkojo, wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Majibu yakitoka "E. coli, mwingi", mtu ataandika dawa, hata akijua. Mwaka 2014 hospitali moja ya Toronto, Kanada, ilichapisha jaribio la ajabu: maabara iliacha kutuma majibu ya mkojo ya wagonjwa waliolazwa wasio na mpira, ikaweka ujumbe kwamba anayeyahitaji apige simu. Matibabu ya bakteria wasio na ugonjwa yakashuka kutoka 48% hadi 12%. Nasi tunaweza kufanya aina ya upole ya jambo hilo: ombi la kuotesha mkojo lisikamilike bila kuchagua dalili, na orodha ya dawa kwenye majibu ianze na zile za kawaida. Meropenemu ionekane tu pale zile nyingine zimeshindwa. Shirika la Afya Duniani liligawa antibayotiki makundi matatu tangu 2017, na Umoja wa Mataifa mwaka 2024 uliweka lengo kwamba kufikia 2030 angalau 70% ya zinazotumika duniani zitoke kundi la kwanza, la dawa za kawaida. Majibu ya maabara yakiwa yametangulia kuonyesha kundi la kwanza, nusu ya kazi imefanyika bila dirisha lolote kuruka.

Iendeshe gizani kwanza

Kanuni yoyote mpya, iache ifanye kazi wiki kadhaa bila kumwonyesha daktari. Itoe orodha kwako tu. Kila asubuhi chukua orodha, nenda wodini, fungua faili, jiulize: hii ingekuwa na maana? Utakutana na vituko. Kanuni yetu ya saa 48 iliwahi kuwataja wagonjwa wa TB, kwa sababu rifampisini nayo mfumo ulikuwa umeiita antibayotiki, ambayo ni kweli, ila hakuna mtu anayeisimamisha siku ya tatu. Iliwataja pia watoto wanaopewa ko-trimoksazoli ya kinga. Mambo haya huyajui mpaka uyaone kwenye karatasi.

Ikifika mahali ambapo arifa nyingi kwenye orodha ungezitetea mbele ya bingwa mkali, iwashe, wodi moja kwanza. Chagua wodi yenye inchaji anayesema ukweli.

Kitufe cha kukataa kiwe na sababu za kuchagua kwa mbofyo mmoja: ana mzio, bingwa ameelekeza, dawa haipo, mgonjwa anapewa rufaa, arifa si sahihi. Sababu hizo zisome mwenyewe kila Ijumaa. "Dawa haipo" nyingi ni barua ya kupeleka kwa mganga mfawidhi. "Bingwa ameelekeza" nyingi kutoka idara moja maana yake ukanywe chai na huyo bingwa. Hapo kompyuta haina la kufanya. "Arifa si sahihi" nyingi, izime siku hiyohiyo.

Cha kupima si arifa ngapi zimetoka. Pima saa kutoka chupa kulia hadi dozi ya kwanza ya dawa inayomuua mdudu huyo. Pima siku za antibayotiki kwa kila siku 1,000 za kulazwa, na sehemu ya hizo iliyo kundi la kwanza. Kwa upande wa usalama, angalia vifo na wanaorudi kulazwa ndani ya mwezi. Dawa zikipungua na watu wanaorudi wakaongezeka, simamisha. Chukua takwimu za miezi kadhaa kabla ya kuwasha, kwa sababu baada ya kuwasha huwezi kuzirudia.

Umeme ukikatika

Watu wanadhani arifa ni skrini. Kule Eldoret, Kenya, kliniki za HIV zilizotumia OpenMRS zilichapisha vikumbusho kwenye karatasi ya muhtasari wa mgonjwa, daktari akaipata mkononi kabla ya kumwona mtoto. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba huduma zilizokuwa zimechelewa kutolewa zilitekelezwa kwa 68% palipokuwa na vikumbusho, dhidi ya 18% pasipokuwa navyo. Karatasi, wino, na kanuni nzuri nyuma yake.

Kwa hiyo sisi tunachapisha. Saa 12 kila asubuhi, kabla ya kubadilishana zamu, kila wodi inapata ukurasa mmoja: kitanda, dawa, siku ya ngapi, damu imeota nini, cha kuamua leo. Mtandao ukilala mchana kutwa, raundi inaendelea na ukurasa huo. Daktari anaandika uamuzi kwa kalamu kwenye mstari wa mwisho, muuguzi wa jioni anauingiza mfumo ukirudi. Hakikisheni mnachapisha kutoka kwenye mashine yenye betri ya akiba, na wino wa ziada ukae kwa inchaji badala ya stoo kuu, ambako baada ya saa tisa na nusu hakuna mwenye ufunguo. Zamu ikiisha, ukurasa unachanwa, kwa maana una namba za vitanda na magonjwa ya watu.